Mjane wa Duka la Vitambaa na Baba wa Igoki

Juzi mwalimu mmoja kijana alinijia hapa nyumbani Githongo, akanikuta nikipalilia kahawa, akaniomba nimsaidie na "tabia za wahusika" wa riwaya anayoifundisha. Nikamuuliza kama ameisoma. Akasema bado, lakini ana mihtasari miwili kwenye simu. Kilichomsumbua ni kwamba mmoja unasema mhusika fulani ni mnafiki na mwingine unasema huyo huyo ni mwerevu, sasa hajui awape wanafunzi upi. Nilijizuia kwa taabu, maana jembe lilikuwa mkononi. Nikampa ndizi mbivu na maji ya kunywa, nikamwambia arudi akishakisoma kitabu. Hajarudi. Basi haya ninayoyaandika ni yake, na ni yenu nyote mlioajiriwa majuzi mkakabidhiwa watoto wa watu.

Nimefundisha fasihi ya Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, nikaanza Uhuru ukiwa bado mbichi. Kitabu nilichokifundisha mara nyingi kuliko vingine ni riwaya moja nene ya Waingereza, ya zama za yule malkia wao aliyekaa kitini mpaka watu wakasahau kwamba malkia hufa. Ni hadithi ya mtoto anayekua mpaka utu uzima. Jina lake silitaji, na nimefanya makusudi, kwa sababu nikilitaja tu mtalikimbilia kwenye simu. Nitawasimulia mnachohitaji kukijua.

Kuna mjane mwenye duka la vitambaa katika mji mdogo. Hana mtoto. Mtumishi wake, msichana asiye na mume, anashika mimba. Mji mzima unangoja kuona msichana akifukuzwa, lakini mjane anamweka, anamtunza mpaka anajifungua, na mtoto akizaliwa anampa jina la marehemu mumewe. Anamsomesha. Ni mwanamke mkali, hacheki ovyo, na mtoto anamwogopa. Kijana anakua, anakwenda jiji kubwa, anavaa vizuri, anaanza kuwaonea haya wanawake wale wawili waliomlea. Mwishowe maji yanazidi unga, anarudi. Basi, hiyo ndiyo riwaya. Iliyobaki ni mvua na makanisa.

Sasa fungueni mwongozo wowote wa siku zile, vile vijitabu vyembamba vilivyouzwa madukani kando ya madaftari. Kuhusu mjane mtasoma maneno manne: mkali, mbinafsi, mpenda mamlaka, katili. Chini yake kuna mfano mmoja mmoja wa kila neno. Mwanafunzi anayakariri hayo manne kama namba ya sanduku la posta, anaingia nayo mtihanini, anayamwaga. Niliwahi kusahihisha karatasi ya mtoto aliyekariri maneno ya mhusika mmoja akayabandika kwa mwingine, na huyo mwingine alikuwa mbwa wa dukani. Akaniandikia ukurasa mzima kwamba mbwa yule ni mcha Mungu, mwenye msimamo na mpenda elimu. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kwa sababu mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kwamba mhusika ni kigingi cha kutundikia maneno, na mbwa naye ni kigingi.

Mimi nilibahatika kupata mtu wa kunitoa upofu huo mapema. Shule yangu ya kwanza ilikuwa ya wavulana, karibu na Kinoru, na mkuu wa idara yetu alikuwa mzee mmoja aitwaye Baariu, mfupi, mwenye koti la sufu hata jua likiwaka. Siku moja aliketi nyuma ya darasa langu akanisikiliza nikiorodhesha sifa za mjane ubaoni. Kengele ilipolia aliniuliza, "Kirimi, huyo mama unamjua?"

Nikasema namjua, nimemsoma.

"Anakula nini asubuhi?"

Sikujua.

"Basi humjui. Jirani yako mama nani pale ng'ambo ya mto, ukiulizwa tabia yake utasema ana msimamo? Utasema aliazima panga akalirudisha limevunjika mpini. Utasema mtoto wake akipigana shuleni, anakwenda yeye, haendi mumewe. Mfuate mtu mpaka jikoni kwake kwanza. Sifa utampa ukirudi, kama utakuwa bado unazihitaji."

Alikuwa na maswali yake matatu, na nimeyatumia mpaka siku niliyostaafu. Nani anamlisha huyu mtu? Anamwogopa nani? Na akikosa, anaitwa nani? Wanafunzi walikuwa wakiyafanyia mzaha, lakini kila aliyeyafuata mpaka mwisho alirudi na kitu mkononi ambacho hakikuwa katika mwongozo.

Ni mzee huyo huyo aliyeniokoa na balaa la baada ya likizo ya Desemba. Wavulana wa kidato cha tatu, wengi wao wakiwa wametoka kutahiriwa likizo hiyo na kutembea kama watu waliomeza fimbo, walirudi darasani wakakataa riwaya. Msemaji wao alisimama. "Mwalimu, sisi tunasoma ati kijana amekua. Amekua wapi? Hakuna mahali amepelekwa kwa kisu. Ako na miaka ishirini na bado analia mbele ya wamama. Huyo ni mwiji tu." Mwiji, kwa wasiojua Kimeru, ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na kumwita mtu mzima hivyo ni kutafuta ngumi. Darasa zima likaafiki. Kwao riwaya nzima ilikuwa habari za mtoto mrefu.

Siku hiyo alikuwepo mkaguzi kutoka nje, bwana mwenye tai. Alikunja uso akaniandika kwamba nimeruhusu upuuzi wa kijadi uingie katika fasihi. Mzee Baariu alipoisoma ripoti ile aliikunja akaitia mfukoni mwa lile koti, akaja darasani mwenyewe. Hakuwakemea. Akawaambia, "Mmeuliza vizuri. Sasa tafuteni: hawa Wazungu, bila kisu, wanajuaje mtoto wao ameshakuwa mtu mzima? Wana ukurasa wao. Nileteeni."

Walikipekua kitabu kile kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea. Wengine wakaleta siku kijana alipoanza kulipa kodi ya chumba chake. Mmoja, mnyamavu, akaleta siku aliporudi dukani akasema mbele ya watu, "Nilikosa." Wakabishana wiki nzima. Yule mkaguzi mpaka leo, kama yu hai, hajui kwamba upuuzi wa kijadi ndio uliowafanya wavulana wale wasome sura zote. Mwanafunzi akikosea kwa sababu ya kwao anakotoka, usimpige kofi la wino mwekundu kabla hujaangalia kosa lake limeona nini.

Nayasema haya kwa sababu ya Igoki, na hapa hasira yangu haijapoa hata kidogo.

Nilihamishiwa Mbeere, upande wa Kiambere, miaka ile bwawa likijengwa. Mtu aliyezaliwa Githongo, penye baridi na migomba, ukimtupa Kiambere anadhani amekosana na serikali. Joto lilikuwa la kukaanga njugu. Malori ya saruji yalipita mchana kutwa, na baadaye nyaya za umeme zikapita juu ya nyumba za watu waliokuwa wakiwasha koroboi. Shule ilikuwa ya mseto, ya bweni, na ilikuwa na hedimasta aliyetoka mbali na huko. Hedimasta huyo alisomea fasihi kama mimi. Alivaa vizuri, aliongea Kiingereza cha kupigwa pasi, na kwenye meza yake kulikuwa na mwongozo, si riwaya. Ningemsamehe mengine yote.

Igoki alikuwa kidato cha nne. Msichana mrefu, mpole wa sauti, anayesoma huku midomo ikitembea. Alisoma kile kitabu mara nyingi kuliko mimi. Maswali matatu ya mzee Baariu yalimwingia kama maji kwenye mchanga wa kwao.

Ukaja mtihani wa majaribio, ule wa pamoja wa shule kadhaa, ambapo walimu hukusanyika sehemu moja na kusahihisha karatasi mezani. Swali lilikuwa: chambua tabia ya mjane. Mimi nilikuwa meza ya mashairi. Meza ya riwaya iliongozwa na hedimasta wangu. Ghafla nikasikia kicheko kule, kisha nikamsikia hedimasta akisoma kwa sauti, akikata maneno kama mtu anayeigiza. Nikamtambua Igoki mara moja; alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha shule. Nawapa kwa Kiswahili:

"Mjane ni mume wa yule mtumishi na ni baba wa yule kijana. Amempa jina la nyumba yake. Anamlisha. Kijana akivunja dirisha, askari anakuja kwa mjane. Watu wanasema yeye ni katili. Mimi naona ukali wake ni ukali wa baba ambaye watu wote wanangoja aanguke."

Walimu wakashika mbavu. Mmoja akauliza kama mtoto huyo ni mgonjwa. Hedimasta akaandika sifuri, akaizungushia duara.

Nilikwenda meza ile. Nikasema mtoto ana hoja, na kila hoja ina ushahidi wake kitabuni: jina, chakula, askari. Sikusema kwamba mwandishi alikusudia mjane awe mume. Mwingereza yule hakuwahi kuiota Mbeere. Nilisema sentensi ya kwanza ikatwe alama ukitaka, lakini hiyo ya mwisho hakuna mtu mezani pale aliyewahi kuiona, nami nikiwemo. Hedimasta akaniambia bila kuinua macho, "Haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia." Nikamwambia hata mjane mwenyewe hayumo kwenye mwongozo ule, umo ukali wake tu. Nikaombwa nirudi kwenye mashairi.

Wengi wenu mnaotoka kwingine huenda mnacheka pia, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Huko Mbeere, na kwa jirani zao wengi, mwanamke aliyefiwa na mume bila mtoto anaweza kutoa mbuzi na kumwoa msichana, ili nyumba ya marehemu isizime. Ni ndoa mbele ya wazee, yenye mashahidi, na hakuna la chumbani ndani yake. Watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile. Yule mwanamke ndiye aliyeoa, na mbele ya ukoo ndiye baba. Igoki alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Marigu, mjane mwenye mizinga ya nyuki na mbuzi, alimwoa Wanjira, na Wanjira akamzaa Igoki, aliyepewa jina la mama wa marehemu mume wa Marigu, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza. Nyumbani alimwita Marigu cucu, yaani bibi, kwa sababu ya umri. Lakini ungemuuliza baba yake ni nani, angekuonyesha Marigu bila kupepesa macho. Alikuwa hajabuni kitu. Alikuwa amesoma riwaya ya Kiingereza akakuta nyumbani kwao.

Kama mambo yangeishia kwenye sifuri, nisingekuwa naandika. Jumatatu iliyofuata, mbele ya shule nzima paredi, hedimasta akaisoma tena karatasi ile ili kuonyesha jinsi watu wanavyoanguka mitihani. Jina hakulitaja, lakini alirudisha karatasi siku hiyo hiyo, na watoto si vipofu. Mchana walikuwa wameshampa jina: Mtoto wa Wamama Wawili. Mvulana aitwaye Nyaga, mcheshi wa kidato cha nne, ndiye aliyelibuni, na liliwaka kama nyasi za Agosti. Tena wengi wa watoto hao walikuwa wa pale pale, wanazijua nyumba kama hizo, wengine wanatoka humo. Lakini mkubwa akishacheka, nani atataka kubaki upande wa anayechekwa?

Igoki alikwenda ofisini. Sijui alipata wapi ujasiri. Akamwambia hedimasta, "Sir, baba yangu hajakukosea kitu." Kwa neno hilo akapewa adhabu ya utovu wa nidhamu: aende nyumbani, sanduku libaki bwenini, na asirudi bila baba yake. "Baba, mwanamume," hedimasta akaongeza, "si hadithi." Mtihani wa mwisho ulikuwa mlangoni.

Jumamosi nikaenda kwao kwa miguu. Marigu alinikaribisha kwenye kivuli cha ghala la mtama, akanipa uji, mwanamke mwembamba mwenye makovu ya nyuki mikononi. Kando yake aliketi Ireri, ndugu wa marehemu mumewe, amevaa kofia na koti la safari, viatu vimepakwa rangi. Ireri alifurahi kuniona kupita kiasi.

"Mwalimu, hii ni kitu kidogo," akasema. "Mimi nitaenda. Nitaambia hedimasta mimi ndio baba. Mtoto arudi asome."

Wanjira aliinamisha kichwa. Majirani waliokuwa wamekaa pale wakasema ni vizuri, kwani kuna ubaya gani, ni dakika chache tu ofisini. Na kwa mtu asiyejua ilikuwa busara tupu. Ni Igoki aliyesema. Alisimama mlangoni mwa jiko, na hakumtazama Ireri.

"Akisimama mara moja kama baba, mwalimu, hatakaa chini tena."

Marigu akanieleza pole pole kwa Kimbeere, akirudia pale ambapo Kimeru changu kilikwama. Tangu ndugu yake afe, Ireri alikuwa akisema kwamba nyumba ya Marigu haina mtu, kwamba ardhi ile irudi kwa wanaume. Wazee walimkatalia kwa sababu Wanjira aliolewa kwa mbuzi halali na mtoto akapewa jina. Sasa ikiwa shule nzima itamwona yeye ndiye aliyeitwa kama baba, na mkubwa wa serikali amempa mkono kama baba, kesho atakuwa na la kusema mbele ya wazee. Siku Igoki atakapoolewa, yeye ndiye atakayeketi kiti cha mwenye binti. Kwa neno moja la ofisini angekula nyumba nzima. Ireri alisikiliza haya yote akitabasamu na kupangusa kofia yake kwa kiwiko, wala hakukanusha.

"Hata nikose mtihani," Igoki akasema.

Marigu akamwambia, "Hutakosa. Nitaenda mimi."

Jumatatu wakaja wote wawili, Marigu na Igoki. Marigu alivaa kitambaa cheupe kichwani na sweta ya kijani, akangoja nje ya ofisi mpaka chai ya walimu ikaisha, hedimasta akipita na kurudi kana kwamba benchi lile lina begi la mtu. Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa mwalimu wa darasa. Tulipoingia, hedimasta akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Mama, karibu. Lakini mimi niliita baba."

"Mimi ndio baba ya huyu mtoto," Marigu akajibu. "Mbuzi nilitoa mimi."

Hedimasta akanitazama mimi, kana kwamba nimemletea mbuzi wenyewe ofisini. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga meza. Mimi ningependelea apige. Alivuta pumzi akalainisha sauti. "Sikiliza mama. Mimi nataka kumsaidia mtoto. Hapa kuna kitu kinaitwa mlezi. Mtu anayemlea mtoto ambaye si wake. Wewe sema tu mbele yetu kwamba ni mlezi wake, Igoki aombe msamaha, na saa hii hii aingie darasani."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, nami, niseme kweli, nilianza kupumua. Marigu alilipima neno lile.

"Mlezi ni wa mbuzi ya wenyewe," akasema mwishowe. "Mimi huyu sikuazimwa."

"Ni neno tu, mama."

Hapo Igoki akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sir, si umesoma hiyo kitabu?"

"Usiniulize kama nimesoma."

"Kuna mahali mjane amesafiri mpaka jiji kumwona yule kijana. Amebeba kikapu, viatu zimejaa matope. Kijana ako na marafiki wake matajiri. Wanamuuliza, huyu ni nani? Anasema, ni mlezi wangu. Mjane anasikia. Anaweka kikapu chini anarudi nyumbani. Ni neno tu. Na tangu siku hiyo huyo kijana hakuona kitu kizuri mpaka arudi aseme alikosa. Mimi nimesoma hapo mara mingi. Siwezi fanya yeye hivyo akiwa amekaa hapa."

Vijana, nimehudhuria semina, nimesikia maprofesa, nimekaa kwenye paneli za kuchagua vitabu. Uchambuzi wa mhusika ni ule. Mtoto alikuwa amemfuata mtu mpaka ndani ya aibu yake, akatoka na uamuzi wa maisha yake mwenyewe. Na mtu aliyesomea kazi hii, mwenye cheti ukutani, akamjibu hivi: "Hiyo ni fasihi. Hii ni ofisi."

Nililipuka. Sijuti. Nilimwambia kwamba kama fasihi haiingii ofisini basi tufunge maktaba tufuge kuku. Nikamwambia alimcheka mtoto mezani, akamcheka paredi, na sasa anataka amcheke baba yake na mtoto mwenyewe aitikie. Akaniambia nitaondoka shule ile kabla ya mwaka mpya, na hilo ndilo neno lake pekee lililotimia sawasawa. Nilipotulia kidogo nikamkumbusha jambo moja ambalo yeye alilijua vizuri kuliko mimi: mtihani wa taifa si wake. Mtahiniwa aliyesajiliwa anaketi, awe na baba, awe hana.

Akafikiri. "Ataketi," akasema. "Lakini bweni hana, darasa hana, chakula hana. Anaingia kwa mtihani anatoka."

Basi ikawa hivyo. Mtoto aliyeongoza darasa langu alimalizia masomo yake kwenye kivuli cha ghala la mtama, nami nikimpelekea maswali kupitia watoto wachache waliosoma kutwa. Mtihani ulipoanza, walitembea kutoka kwao kila asubuhi, yeye na Marigu. Igoki aliingia, Marigu akaketi juu ya jiwe nje ya lango akisokota kamba ya kusukia kikapu cha kiondo mpaka karatasi ziishe. Ireri alikuja siku ya kwanza na kofia yake akataka kusimama pale naye. Sijui Marigu alimwambia nini, sikusikia, lakini hakuonekana tena. Wanafunzi waliokuwa wakienda na kurudi bwenini walipita karibu na jiwe lile kila siku. Mwanzoni walipita wakibinyana. Kisha wakaanza kumwamkia. Baadaye nikaona wasichana wawili wakimpelekea maji kwenye kikombe cha bati.

Na mtihani wenyewe wa fasihi, baada ya yote hayo, haukuuliza kitu kuhusu mjane. Uliuliza juu ya mandhari. Mvua na makanisa. Nilipoiona karatasi ile nilitoka nje nikaongea na ukuta.

Siku ya mwisho wazazi walikuja kuchukua watoto. Baba zao walijaa uani, wengine na baiskeli, wengine na pikipiki, na hedimasta alisimama barazani akipokea mikono yao mmoja mmoja. Igoki alikuwa amebaki darasani akirudisha vitabu vya shule kwangu, kwa sababu ile riwaya ilikuwa ya shule, nami nilikuwa najifanya kuhesabu kurasa ili nisimwangalie. Darasa lilikuwa nusu tupu. Nyaga akaingia mbio kutoka nje, yule yule aliyebuni jina, akasimama mlangoni, na barazani palikuwa karibu kiasi kwamba kila lililosemwa mlangoni lilisikika huko.

"Igoki," akasema, "babako amefika. Ako hapo kwa gate na punda ya kubeba sanduku."

Niliinua kichwa nikautafuta mzaha usoni mwake. Haukuwepo. Hakuna aliyecheka, ndani wala nje. Barazani hedimasta alikuwa ameshika mkono wa mzazi fulani na alikuwa amesahau kuuachilia.

Igoki akanikabidhi kitabu. "Mwambie nakuja," akamwambia Nyaga, akaenda bwenini kuchukua sanduku lake.